Kitanda Kilichokwenda Baharini

Jumatatu, 9 Mei

Nimerudi kisiwani Providencia! Nilitarajia mapokezi. Gatini alikuwepo mbuzi, na Bi Lucelia, mama mkwe wangu, aliyefuata misumari yake iliyoletwa na boti, si mimi. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Ehe, mkwe wangu. Mgongo umepona?"

Kisiwa kizima kinauliza habari za mgongo. Kimbunga kilipopita nilipanda ndege ya kwanza kwenda kisiwa jirani cha San Andrés kutibiwa. Nilisema wiki moja. Imekuwa mwaka na nusu. Mgongo hauna kalenda.

Nilipoondoka, milima ilikuwa vijiti vitupu. Sasa ina kijani chepesi cha kushangaza, kama kichwa cha mtu anayeota nywele baada ya homa. Nyumba yetu ya ufukweni haipo. Imebaki ngazi ya saruji, ukipanda unafika angani. Nilikaa pale juu nikasikiliza mawimbi hadi nikasahau kuhuzunika.

Mke wangu Arelis yuko kwa mama yake. Ametuma neno kwamba mahali nitakapolala si kazi yake.

Jumanne, 10 Mei

Nimelala kwenye machela ya kamba iliyoning'inia katika stoo ya Wendell Bush. Zamani Wendell alikuwa mjazaji wa mitungi yangu ya hewa. Sasa yeye na Arelis wana kituo cha kupiga mbizi chenye paa jipya, na wageni wameanza kurudi. Ana adabu. Machela alinipa kabla sijaomba. Mtu mbaya kabisa!

Akaniambia, "Kaka Elkin, twende nikuoneshe kitalu chetu cha matumbawe. Vile vipande vilivyovunjwa na kimbunga tumevifunga, vinashika." Nikamjibu kwamba mimi niliijua bahari hii kabla yeye hajajua kuelea. Sipelekwi na mtu.

Nikazama peke yangu. Chini kumebadilika. Miamba mikubwa imelala ubavu. Mchanga umehamia mahali pengine, kimya, kama wapangaji wasiolipa. Samaki wa buluu walipita wengi mno bila kunitazama. Halafu, kwenye uwanda wa mchanga mweupe, nikakiona.

Kitanda chetu! Kile cha chuma, chenye vifundo vya shaba, alichorithi Arelis kwa bibi yake. Kimesimama kwa miguu yote minne, kimetulia, kama kimetandikwa kikasubiri. Palipokuwa na mto walilala visamaki wa manjano. Kwenye vyuma vyote kulikuwa na vijitawi vidogo, vimezungushiwa nyuzi. Bahari imekivisha shanga! Nikapanda nikajilaza. Mapovu yangu yalipanda juu polepole, kila moja na jua lake ndani. Sijalala vizuri hivyo tangu niondoke.

Nikiwa pale nikapata wazo. Mke gani atamfukuza mume aliyemletea kitanda kutoka chini ya bahari?

Alhamisi, 12 Mei

Mpango: kuzamisha mapipa, kuyafunga miguuni mwa kitanda, kuyajaza hewa ya mtungi, na kitanda kitapanda taratibu kama mvuke wa chai. Nimeazima mapipa ya maji ya mvua ya Bi Lucelia. Nimemwambia nakwenda kuyaosha. "Wewe? Uoshe?" Amenipa, lakini kwa uso wa mtu anayeaga.

Kaa weusi wameanza kushuka kutoka mlimani kwenda kutaga baharini. Barabara imefungwa. Lami yote inatembea, inanong'ona. Nilisimama ng'ambo hii na mapipa yangu, na ng'ambo ile alisimama Arelis. Hapavukiki.

"Arelis! Nimerudi!"

"Nimekuona," akasema. "Na kaa nao wamerudi. Wenzako hurudi kila mwaka."

Hakuniuliza mapipa ni ya nini. Nimechukulia kuwa ni dalili nzuri.

Jumamosi, 14 Mei

Nimeshuka asubuhi. Kwanza nilikata nyuzi za pale kichwani na kung'oa vile vijitawi, ili shaba ing'ae. Kisha nikajaza hewa. Kitanda kimya. Nikaongeza. Kimya. Nikakisukuma, nikakibembeleza, nikaongeza tena. Kikainua mguu mmoja kama mbwa. Halafu yote.

Miaka mingi nimewafundisha wageni kwamba hewa hutanuka kadiri inavyopanda. Sikujua kwamba jambo hilo linanihusu! Kitanda kilifyatuka, nami nimekumbatia chuma chake, nikipiga mayowe njia nzima. Wendell anasema mayowe, kwa kuitoa hewa, ndiyo yaliyookoa mapafu yangu.

Tuliibukia ghubani, mbele ya Wasabato waliokuwa wakibatiza. Kwaya ikanyamaza. Mchungaji alibaki na mkono kwenye kichwa cha mama mmoja, ambaye aliuliza kama ni lazima aone na haya. Bi Lucelia, na kofia yake ya ibada, ndiye wa kwanza kupata sauti.

"Mapipa yangu!"

Mkondo ukatusogeza hadi maji ya magotini, kitanda kikatua wima, nami juu yake. Arelis akaja mbio, gauni limelowa. Nikafungua mikono. Akanipita! Akapiga magoti kwenye vyuma.

"Matumbawe yangu! Mama, leteni ndoo! Yasikauke!"

Kumbe kitalu ndicho hiki. Wasabato wote, na kanzu zao nyeupe, wakakizunguka kitanda wakikimwagia maji ya bahari, taratibu, kama wanamwogesha mtoto. Mwanga ulikuwa wa maziwa. Sijaona kitu kizuri kama hicho, na nilitamani kisingekuwa kosa langu. Nadhani kwa sehemu kubwa ni kosa la mapipa.

Wendell hakunilaumu. Hapo ndipo aliponiumiza.

Jumatatu, 16 Mei

Wendell amekirudisha kitanda chini, polepole, bila mayowe. Mengi yatapona. Yale ya kichwani, niliyoyang'oa, yamekufa. Arelis ameyakusanya kwenye bakuli. Meupe kama mifupa ya ndege.

Nilimuuliza kwa nini, katika vyuma vyote vya bahari, alichagua kitanda chetu.

"Kilikuwa kitupu," akasema. "Nikakipa kazi."

Kisha akaangalia baharini. "Mwanzoni nilikuwa nashuka kukitazama kwa sababu yako. Baadaye nikawa nashuka kwa sababu yao."

Nilitaka kusema neno la maana. Nikasema nina njaa. Akanitazama sana. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya samaki wa nazi na shelisheli. Akanipa hukumu: nitafunga vipande vipya kwa mkono wangu hadi kichwa cha kitanda kijae.

Jumapili, 22 Mei

Wiki nzima chini ya maji na mke wangu. Hakuna maneno kule, na huenda ndiyo maana tunaelewana. Anafunga fundo, nafunga fundo, anafungua langu, ananishika vidole, ananionesha tena. Nywele zake zinaelea kama moshi. Jana kobe alipita katikati yetu, mzito, hana haraka, Arelis akacheka hadi miwani yake ikajaa maji. Jioni akasema machela yangu ihamie barazani kwa mama yake. Barazani! Bi Lucelia amekubali, lakini mapipa yake ameyafungia ndani.

Leo, nyuma ya mwamba, nimegundua mashine ya boti. Ile ya Wendell, iliyochukuliwa na kimbunga! Imesimama wima mchangani, pweza ameifanya nyumba, na kifuniko cha juu kimeota vitu vya zambarau. Hebu fikiria ikirudi! Ningemdai Wendell heshima maisha yake yote.

Nilimwonesha Arelis kwa kidole. Tulipotoka majini akanishika shati. "Elkin. Usiiguse. Niahidi."

Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote, na sitaigusa.

Kesho nakwenda tu kuipima kwa kamba. Kupima si kugusa.