Idara ya Kudai Ndugu kwa Upole

Kuanzia tarehe mosi, Serikali ilitangaza, hakuna raia atakayeruhusiwa kumdai ndugu yake pesa uso kwa uso, kwa simu, wala kwa kumtazama vibaya mezani. Madai yote yatapitia Idara ya Kudai Ndugu kwa Upole, ghorofa ya tatu, mkono wa kushoto. Tangazo lilisomwa redioni mara nne kwa siku, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Uamuzi ulikuwa wa busara kabisa. Wiki chache nyuma, Waziri alikuwa akifungua choo kipya cha soko, mkasi mkononi, kamera zote zikimwelekea, shangazi yake akapaza sauti katikati ya umati: "Na pesa yangu ya mabati utanirudishia lini?" Utepe haukukatwa siku hiyo. Wataalamu walijifungia hotelini siku tisa, wakabaini kwamba tatizo la taifa si kukopa. Ni kudai.

Mshonaji mmoja wa sare za shule alilisikia tangazo akiwa ameinamia cherehani, pini tatu mdomoni. Akazitoa ili asikie vizuri. Miaka minne iliyopita aliuza cherehani yake ya pili, ile ya kuziba kingo za nguo, akampa pesa yote mdogo wake wa kiume, ambaye aliihitaji kwa wiki mbili tu, dada, nikizidisha hata siku moja niite mbwa. Pesa ilifanya kazi. Kijana alinunua suti, akaenda kwenye usaili, akaajiriwa, akapandishwa cheo, akapandishwa tena. Tangu hapo, kila akikumbushwa yuko kikaoni. Na sasa shule moja ilikuwa imempa mshonaji kazi ya sare mia mbili ndani ya miezi miwili. Kwa cherehani moja, hiyo ilikuwa ndoto ya mchana.

Kesho yake alipanda ghorofa ya tatu.

"Mdaiwa ni nani wako?" karani wa dirishani alimuuliza bila kuinua macho.

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Tumbo limethibitishwa?"

"Na nani?"

"Na mwenye tumbo. Mlete, aje na kitambulisho na picha mbili."

"Picha za tumbo?"

"Za uso, mama. Sisi si wahuni. Haya, andika hapa kazi ya mdaiwa."

Mshonaji akaandika: Mkurugenzi, Idara ya Kudai Ndugu kwa Upole.

Karani alisoma, akaweka kalamu chini, akageuka kuitazama picha kubwa ukutani, ambapo mdaiwa alikuwa akitabasamu ndani ya ile suti.

"Vizuri," akasema. "Faili halitakuwa na safari ndefu."

Utaratibu ulifuatwa. Barua ya Kwanza ya Upole humjulia mdaiwa hali. Ya Pili huwajulia hali watoto wake. Ya Tatu hugusia, bila kulenga mtu, kwamba maisha yamepanda. Mkurugenzi alizitia saini zote tatu kama mtumaji, akazipokea zote tatu kama mtumiwa, na akajibu kwamba yeye hajambo, watoto hawajambo, na maisha kweli yamepanda.

Wiki tatu zikakatika. Ndipo mshonaji akamleta mama yao, ambaye alipanda ngazi zote kwa magoti mabovu, kwa kuwa lifti ilitengwa kwa wenye vyeo. Mama alifika dirishani akihema.

"Huyu binti ni wangu," akasema. "Na huyo anayecheka ukutani pia ni wangu, japo mimi simwoni akicheka siku hizi. Simwoni kabisa."

Karani akagonga muhuri: TUMBO LIMETHIBITISHWA. Wakaruhusiwa kuingia ndani.

Mkurugenzi aliruka kitini. "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Mlipe dada yako."

"Mama, hapa ni ofisini."

"Basi mlipe kiofisi."

Mkurugenzi akafuta jasho. Akaeleza, kwa upole wa kikazi, kwamba kanuni zilimkataza kushika faili la ndugu yake. Faili la namna hiyo hupelekwa kwa Waziri, na Waziri, tangu mkasa wa choo, hakutaka kusikia mtumishi wake yeyote anadaiwa na ukoo. Lakini njia ilikuwepo. Alifungua droo, akatoa fomu moja, akaijaza haraka, akaisoma kwa sauti kama sheria ilivyotaka:

"Mimi niliyetia saini hapa chini sina undugu wowote na mlalamikaji. Pesa niliyochukua kwake niliichukua kama mtu baki."

Akatia saini. Akagonga muhuri.

"Ni utaratibu tu, dada," akanong'ona. "Moyoni sisi ni ndugu. Kwenye karatasi tu ndiyo hatufahamiani."

"Na mimi kwenye karatasi ni nani?" mama akauliza.

"Wewe ni shahidi, mama."

Mshonaji alitoka akiwa amemshika mama mkono, nakala ya fomu kwenye mkono wa pili. Ngazini akaketi. Huyo mdogo wake alikulia mgongoni mwake mwaka mzima mama alipokuwa akiumwa. Alikuja kufuata pesa, na sasa anashuka hana pesa wala mdogo wake. Akalia kidogo, bila kelele. Mama akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

Karani aliwafuata mpaka pale ngazini, faili kwapani.

"Mama, faili lako tumelifunga," akamwambia mshonaji, kwa sauti ileile ya kuita namba. "Idara hii inahudumia ndugu tu. Deni la mtu baki halina upole. Linakwenda mahakamani, jengo la pili, na huko wana dalali."

Mshonaji akainua uso.

"Hiyo karatasi usiikunje," karani akaongeza. "Bosi amekataa undugu. Deni hajalikataa. Hapo kakiri amechukua, tena kwa muhuri."

Kesi ilichukua dakika kumi na moja.

"Mheshimiwa hakimu," Mkurugenzi alijitetea, "huyu ni dada yangu kabisa. Haya ni mambo ya nyumbani."

Hakimu akaisoma fomu, akaigeuza, akauchunguza muhuri. "Huu muhuri ni wa kweli au wa kughushi?"

Mkurugenzi akafikiri. Akisema wa kughushi, kazi hana. "Wa kweli," akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi Serikali inasema hamjuani. Ulipe ndani ya siku saba."

Siku saba Mkurugenzi alizitumia vikaoni. Ya nane, dalali wa mahakama akaliburuta gari lake kutoka maegesho ya idara, watumishi wote wakiwa madirishani wakitazama, kwa upole mkubwa. Likapigwa mnada. Kilichobaki baada ya deni kilimezwa na gharama za dalali.

Pesa ilikabidhiwa kibandani kwa mshonaji, mbele ya wateja, mdaiwa akiwepo ili atie saini. Mshonaji alihesabu, akachukua daftari, akaandika stakabadhi: Imepokelewa kutoka kwa mtu baki mmoja, mrefu, mwenye suti. Dalali akaondoka zake. Mkurugenzi hakuondoka. Alisimama mlangoni akisugua viatu chini.

"Dada," akasema, "nikopeshe nauli."

"Wewe ni nani wangu?"

Akatazama wateja. Walikuwa sita, na hakuna aliyejifanya hasikii.

"Mdogo wako."

"Sijakusikia."

"Mimi ni mdogo wako!" akapaza sauti, na sauti ikamkatikia njiani. "Tumbo moja, dada!"

Mshonaji akafungua kibweta, akampa nauli kamili mpaka nyumbani kwa mama. Akamwambia wazi kwamba huo si mkopo, ni zawadi, asije akaiundia idara.