Rufaa ya Winga Aliyetuhumiwa Kukimbia

Buarcos, Figueira da Foz
14 Agosti

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu,
Ligi ya Kandanda ya Kutembea kwa Wastaafu

Bwana Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umeketi mahali penye kivuli, kwa sababu si fupi.

Mimi ni Baltasar Quaresma, umri miaka sabini na sita, mwalimu mstaafu wa jiografia na winga wa kulia wa timu ya Mawimbi. Jumamosi iliyopita, kipindi cha pili, mwamuzi Bwana Belmiro alipuliza filimbi na kunijia taratibu. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni kabla ya kustaafu, na sauti ile hajaiacha. Akaniambia, "Mwalimu, umekimbia. Na hii ni ya tatu."

Katika mchezo wetu, kama ujuavyo, mguu mmoja lazima uwe chini wakati wote, na anayekimbia mara tatu hufungiwa hadi msimu uishe. Kwa wenzangu adhabu hiyo ni mapumziko, ila kwangu ni kuhamishwa mji. Binti yangu Otília anaishi Viseu, mbali na pwani, na tangu mama yake afariki anataka nikakae kwake. Tulifikia mapatano. Aliniambia, "Baba, maadamu unacheza kila Jumamosi, mimi nanyamaza. Siku ukiacha, nakuja na gari." Viseu ni mji mzuri. Nimeufundisha kwenye ramani miaka thelathini na minane, na sikuwahi kuona bahari karibu nao.

Kwa hiyo nakata rufaa. Sikukimbia, na sababu zangu ni hizi:

1. Upepo. Naomba uvumilivu wako nieleze. Wakati wa kiangazi nchi kavu hupata joto kuliko bahari, hewa yake hupanda juu, na hewa baridi ya baharini huja kushika nafasi, ikipindishwa na mzunguko wa dunia. Ndiyo maana kila alasiri hapa kwetu tunapigwa na upepo wa kaskazini unaong'oa miavuli ya watu ufukweni. Uwanja wetu umelala kaskazini kwa kusini, nami nilikuwa nashambulia kusini. Isitoshe, jezi niliyopewa ilishonwa kwa ajili ya watu wawili. Ilijaa hewa mgongoni, nami nikaenda nayo. Hapo sikukimbia, nilisafirishwa. Kama kuna aliyestahili kadi, ni upepo.

2. Goti la kulia. Daktari wangu alilitazama kwenye picha akasema, "Mzee, hili lilitumika vizuri sana, sasa tulishukuru tu." Nakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Jirani wa ghorofa ya pili, Bibi Leopoldina, aliniwekea kiti nje ya mlango wake nipumzike nikipanda. Baadaye akaongeza mto. Tangu Pasaka huniwekea na gazeti, nami humaliza ukurasa wa michezo kabla ya kuendelea na safari. Siku za Jumatatu, ukurasa unapokuwa mrefu, huniletea na supu.

3. Mchanga. Ufukwe wetu ni mpana mno, huhitaji kuambiwa. Mwezi uliopita nilitoka barabarani kwenda kuoga maji yakiwa yamejaa. Nilipofika yalikuwa yameshakupwa, nikarudi na taulo kavu. Njiani muuza maandazi alinipita mara tatu na sanduku lake begani. Mara ya tatu akaniuliza, "Babu, unakwenda au unarudi?" Ikabidi kwanza nitazame nyayo zangu.

4. Mashahidi. Golikipa wetu Zeferino alimwambia mwamuzi mbele ya watu wote, "Belmiro, wacha masihara. Huyu hupitwa hata na basi lililoharibika." Naye Bwana Isaltino wa timu pinzani, aliyepewa kazi ya kunikaba, amekiri kwamba wakati wa hizo zinazoitwa mbio yeye alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Alifunga vyote viwili, akanyooka, akafika kwenye mpira kabla yangu.

5. Ukiyapima haya yote, Bwana Mwenyekiti, utaona kwamba tangu msimu uanze sijafikia hata mwendo wa kutembea, na kwamba timu yangu imecheza pungufu kwa sababu yangu bila kupewa nafuu yoyote. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Adhabu ifutwe. Uwanja ugeuzwe, uelekee mashariki na magharibi. Na Bwana Belmiro apande ngazi nami hadi ghorofa ya tatu akiwa na filimbi yake mdomoni, aipulize pale atakapoona miguu yangu yote miwili iko hewani. Aje na chakula cha mchana.

Nisalimie wajumbe wa kamati, pamoja na mama anayetukatia machungwa wakati wa mapumziko, na Bwana Belmiro mwenyewe, ambaye sina kinyongo naye.

Ni mimi, mwenye mguu mmoja chini daima,

Baltasar Quaresma

Baada ya sahihi: Otília amekuja kunitembelea leo mchana, nami nikampa barua hii anikagulie tahajia. Sababu ya kwanza aliisoma amesimama, akicheka. Ya pili aliisoma ameketi, hacheki. Alipofika kwa muuza maandazi akauliza taratibu, "Baba, haya yote ni kweli?" Sasa hivi namsikia jikoni akimpigia simu mumewe kuhusu chumba cha wageni, kiwe tayari kunipokea Jumapili.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naondoa rufaa. Nilikimbia. Zeferino alirusha mpira pembeni, nikaona mbele yangu nafasi ambayo sijaiona kwa miaka thelathini, na miguu yote miwili ikaacha ardhi. Niliisikia ikiacha. Adhabu nitaitumikia hapa hapa Buarcos, nimekaa kando ya uwanja.

Naomba tu Bwana Belmiro aandike hati kwamba Baltasar Quaresma amefungiwa kwa kukimbia kupita kiasi, aigonge muhuri, na aitume kabla ya Jumapili, moja kwa moja kwa binti yangu. Idadi ya mita ajaze yeye. Yoyote atakayoandika, sitaikatia rufaa.