Mkwe, Kioo na Pazia la Kijani

Leo sura yangu nimeiacha Buguruni. Kama kuna mdau anaishi huko na akaiona, aifunike tu, asiniletee.

Naandika hapa kwenye intaneti ya Mtaa wa Msimbazi. Nimechukua kompyuta ya pembeni kabisa, nimeelekea ukutani. Nywele zimejaa vumbi, jicho la kushoto limevimba, na mwenye duka amenipa pole ya msiba nilipoingia. Sikumkatalia. Sikuwa na nguvu ya kuanza kueleza.

Sasa tulieni niwape mkanda wote. Mnalijua shangingi langu. (Nyie mnaliita shangingi mstaafu. Habari hizo zimenifikia.) Tangu milango ya biashara ifunguliwe na mitumba ya Japani ianze kumwagika bandarini, kila mtu anajipatia gari lake, na mimi nikapata hilo. Limechoka, lakini ni refu, lina keria juu, na lina kiyoyozi kinachofanya kazi kikijisikia. Mnamjua pia Rukia wa Mtaa wa Mchikichi. Wazee wangu wamepeleka posa kwao, na jibu lilikuwa linatoka leo. Baba yake Rukia alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwenye kauli ni kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Athumani, anayeishi Buguruni. Kikao kilipangwa kwake alasiri. Mama yake Rukia, Bi Mwanaidi, akatuma ujumbe kwamba yule kijana mwenye gari aje awapeleke.

Mwenye akili anaelewa hapo. Mama anataka kukutazama kwa karibu kabla hajatia neno lake kwenye kikao. Anataka aone unavyoendesha, unavyoitikia, na unavyosubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote. Kanzu imepigwa pasi tangu juzi.

Jana jioni nikiwa Kariakoo, mbele yangu kuna mkokoteni umepakia mabomba ya chuma. Mkokoteni ukasimama ghafla. Mimi pia nikasimama, ila breki zangu huwa zinafikiria kwanza. Bomba moja likagonga kioo cha mbele, na ufa ukatambaa toka upande mmoja hadi wa pili. Mwenye mkokoteni akageuka akaniangalia kwa huruma. "Pole bosi. Ila bomba langu halijapinda, usiwe na wasiwasi."

Kwa hiyo leo asubuhi nikawa mtu wa kwanza dukani kwa Mzee Kanji, muuza vipuri wa siku nyingi pale Kariakoo. Akaliangalia gari, akaniangalia na mimi.

"Kioo ninacho. Kipya," akasema. "Lakini kijana, gari hii ukiiwekea kitu kipya, vingine vyote vitaona wivu."

"Mzee, leo nambeba mama mkwe."

"Aa. Basi chukua, usingoje."

Nikakimbilia Gerezani, kule kwenye magereji, kwa Fundi Shomari. Kazi yake safi, sina lawama. Akang'oa kioo cha zamani, akasafisha, akapaka gundi, akakiweka kipya na kukibana kwa gamtepu pembe zote. Halafu akanishika bega kama daktari anayetaka kukupa majibu.

"Sikiliza. Gundi hii haijashika mpaka kesho. Gamtepu usitoe. Vioo vya pembeni acha wazi kidogo. Na mlango usibamize hata kwa bahati mbaya. Ukibamiza na vioo vimefungwa, hewa inakosa pa kutokea, inasukuma kioo cha mbele nje. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, fundi."

(Nilimwelewa kabisa. Hilo ndilo linaloniuma.)

Nikaondoka. Nilipokaribia Mtaa wa Mchikichi nikaona ile gamtepu inavyoning'inia. Gari linaonekana limetoka kufungwa bendeji. Mama mkwe atasema nini? Nikasimama pembeni, nikabandua yote, nikaitupa. Kioo kikawa kinang'aa mpaka nikajisikia tajiri.

Bi Mwanaidi akatoka ndani na wifi yake, Shangazi Zena, dada yake Mzee Athumani. Huyu shangazi ni mwanamke wa mwili na sauti, akikusalimia mtaa mzima unaitikia.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba baba. Gari zuri," akasema Bi Mwanaidi.

Sasa milango ya shangingi langu bila kuibamiza haifungi. Mnajua wenyewe. Na mkwe haelekezwi namna ya kufunga mlango. Utamwambiaje mama wa watu, taratibu mama, utaniharibia? Atakwenda kusema kijana anathamini gari kuliko watu, na posa imeishia hapo. Nikaamua nitafunga mwenyewe. Nikaukumbatia mlango wa Bi Mwanaidi kwa mikono miwili, nikausukuma kwa kifua, halafu kwa nyonga, polepole, mpaka ukaingia. Nikazunguka nikaukumbatia na wa shangazi kule nyuma. Majirani walikuwa barazani wanatazama. Nikamsikia mmoja akiuliza kama ninaumwa.

Tukaondoka. Hatujafika hata kona Bi Mwanaidi akasema, "Rukia ametuambia gari lina kiyoyozi."

(Ni kweli nilimwambia. Mdomo wangu huu!)

"Kipo, mama."

"Basi tufunge madirisha. Joto hili."

Akafunga lake. Shangazi akafunga la kwake. La kwangu nikaliacha wazi kidogo, kwa usalama wa taifa. Bi Mwanaidi akaliona.

"Na hilo?"

"Limekwama, mama."

Akajinyoosha, akabonyeza swichi. Dirisha likapanda bila kelele mpaka juu. Tangu ninunue gari lile halijawahi kupanda vizuri namna ile. Nikabaki nalitazama.

"Mbona limepanda?"

"Mama una mkono wa baraka."

 Nikawasha kiyoyozi, kikatoa harufu ya soksi na baridi kidogo. Nikaomba dua ya kimoyomoyo kwamba tusisimame popote mpaka Buguruni. Tulipofika Mtaa wa Kongo, Shangazi Zena akasema, "Simama hapo baba, siwezi kwenda kwa kaka yangu mikono mitupu."

Akashuka, akaingia dukani. Mimi mkono ukakimbilia swichi ya dirisha langu ili niliteremshe. Likagoma. Nikabonyeza tena. Likagoma. (Sasa ndiyo limekwama.) Nikaona nishuke nikamsubiri mlangoni, nifunge mwenyewe. Nageuka kushika kitasa, shangazi ameshatoka na pazia la kijani lenye nakshi za dhahabu, ameshakaa, na mkono wake ameshaunyoosha.

"Shangazi, acha nikufun—"

Akabamiza. Alibamiza kama mtu anayefunga mjadala. Masikio yetu yakaziba, na kioo cha mbele kikatoka chote, kizima, kikateleza juu ya boneti taratibu kabisa na kwenda kulala juu ya fungu la mchicha la mama mmoja aliyetandaza biashara yake pembeni ya barabara. Hakikuvunjika. Kililala tu pale kinaangalia mbinguni.

 Upepo wa Kariakoo ukaingia na harufu zake zote.

"Ndivyo kinavyofunguka hiki?" akauliza Shangazi Zena.

Kabla sijajibu, kijana mmoja ameshakishika kioo. "Bosi, hiki unakiachia bei gani?" Mwingine nyuma yake anamwambia akishike vizuri asikivunje, yeye ndiye mteja wa kwanza. Muuza karanga akapitisha sinia lake kwenye tundu moja kwa moja mpaka usoni kwa Bi Mwanaidi. "Mama, karanga za moto." Na Bi Mwanaidi, nadhani kwa mshtuko, akachukua.

Nikataka kurudi Gerezani. Mama akakataa katakata. Kaka anasubiri, wazee wameshakaa, kuchelewa kikao cha posa ni dharau. "Weka hicho kioo juu, tukishike, twende." Tukamlipa mama wa mchicha mchicha wake uliopondeka, tukautandika juu ya keria kioo kisigonge chuma, tukakilaza kioo juu yake, na shangazi akakifunika kwa lile pazia la kijani kisipate mikwaruzo. Madirisha ya akina mama yakakubali kushuka. (Yao.) Wakatoa mikono nje, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakakishikilia.

Naomba mtulie hapa mlione lile gari kama alivyoliona mtu wa barabarani. Juu kuna kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cha kijani chenye dhahabu, na majani mabichi yanachomoza pembeni. Akina mama wawili wameshusha buibui usoni kwa sababu ya vumbi, wamekishikilia kwa mikono. Mwendo wa pole. Taa nimewasha ili watu wanione, maana mimi siwaoni vizuri. Na dereva, kijana mwenye kanzu, hana kioo, upepo unampiga machoni, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Sikuelewa mapema. Nikaona tu Barabara ya Uhuru watu wananipisha. Wanaume wanavua kofia. Walinzi wa maduka wanasimama. Nikasema moyoni, kumbe Dar watu wana adabu. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni, nyuma yangu kuna gari limewasha taa. Nyuma yake jingine. Halafu pikapu imejaa wanaume wanaosoma dua kwa sauti. Hakuna aliyeuliza nani amekufa, maana kwetu unazika kwanza, jina utalijua makaburini.

"Mama," nikasema, "nadhani tunafuatwa."

"Endesha, mkono unaniuma," akajibu Bi Mwanaidi toka ndani ya buibui.

Tukaingia Buguruni na msafara wetu. Mzee Athumani yuko barazani na wazee wenzake, wamevaa vizuri, wanangoja kikao. Akaliona gari. Akamwona shemeji yake na dada yake wamefunika nyuso. Akahesabu nani hayupo. Akashika kichwa.

"Rukia! Mwanangu Rukia!"

Nyumba nzima ikalipuka. Wanawake wakatoka ndani wakilia, mikeka ikaanza kurushwa nje. Bi Mwanaidi anapiga kelele, "Ni kioo jamani, ni kioo!" na wanawake wameshamkumbatia dirishani wanamwambia, "Subira dada, usikufuru, subira." Shangazi Zena anajaribu kufungua mlango, watu wameuegemea haufunguki. Na wale wanaume wa pikapu wameshapanda, wamekitoa kioo na pazia lake, wamekiweka mabegani. Wanapokezana. La ilaha illallah, mbio mbio kuelekea uani. Nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mwepesi sana. Alikuwa mtu mwema."

Mimi nilikuwa wapi? Nitawaambia ukweli, kwa sababu tayari sina cha kuficha. Nilishuka ili nieleze. Nikakutana na mzee mmoja akanikumbatia, akaniambia, "Rukia ametutoka, baba." Na mimi, mwenye kioo, niliyekilaza kwenye keria kwa mikono yangu, nikaamini. Sikuwa nimemwona Rukia tangu juzi! Nikasema labda amekufa sisi tukiwa njiani.  Nikakaa chini kwenye vumbi na kanzu yangu nyeupe nikalia kwa sauti, nikimwita jina, nikisema basi hata gari lichukueni.

Uani wakakitua. Mzee Athumani akasogea huku ameshikwa mikono, akataka aone uso wa mwanawe kwa mara ya mwisho. Akafunua pazia. Akainama.

Akajiona mwenyewe.

Alibaki pale muda, anajiangalia na kilemba chake na ndevu zake. Akageuza kichwa kulia, na marehemu akageuza. Halafu akajishusha polepole akakaa pembeni ya kioo. "Huyu," akasema, "ni mimi."

Hapo ndipo Bi Mwanaidi alipofanikiwa kutoka garini. Akaeleza yote, kuanzia kiyoyozi mpaka mchicha. Watu waliosindikiza msiba wasioujua wakaangaliana. Wengine wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Mimi nikaletwa mbele, macho mekundu, kamasi, mchicha kwenye kofia. Nikajua posa imekwenda na maji.

"Kwa nini hukusema mlango usibamizwe?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Niliona haya, mama."

"Na kulia huku hapa mbele za watu hukuona haya?"

 Nikaangalia chini.

Mzee Athumani akajifuta machozi, akaangalia mikeka ilivyotandikwa, wazee walivyokaa, umati uliojaa mpaka nje. "Mimi ndiye ba'mkubwa wake na nimelia," akasema. "Lakini huyu kijana amenishinda. Posa tumeikubali." Akina mama wakapiga vigelegele. Akanyoosha kidole kuelekea barabarani. "Gari lake hatujalikubali. Bibi harusi hapandi kitu kile."

Kioo nimekirudisha Gerezani, na Fundi Shomari amekataa kuzungumza nami mpaka kesho gundi ikauke. Harusi mtatangaziwa, mje wote, lakini asinicheke mtu. Na mkifika pale nyumbani, milango fungeni taratibu.