Wakili Ndirangu Arithi Duka la Kerrow

Miaka ile ya tisini, mtu akifa Garissa, wakili Ndirangu alifika matangani kabla chai haijachemka. Kesi nyingi za viwanja na urithi zilikuwa zimemfundisha kulia kwa jicho moja huku la pili likipima ua.

Nyumbani kwa marehemu Kerrow, mtaani Iftin, jicho hilo la pili lilifurahi: duka kubwa, uwanja mpana, hati hakuna, na mjane Saynab asiyejua kusoma.

“Mama, uwanja bila hati ni wa atakayewahi,” alimwambia. “Tuuandike kwa jina langu kwanza. Hati ikitoka, nakurudishia.”

“Na gharama? Mimi sina kitu.”

“Hizo niachie.” Wakili alikuwa mkarimu sana kwa watu aliotaka kuwaibia.

Saynab akafikiri. “Sawa, walaal, ndugu yangu. Lakini uje useme mbele ya wazee kuwa umeshika nafasi ya Kerrow. Sisi karatasi hatujui, tunajua neno la mtu.”

Ndirangu akasema, tena kwa sauti ya mahakamani. Alishaapa makubwa kuliko hayo.

Akatoa chai mlango hadi mlango katika ofisi ya ardhi mpaka hati ikatoka. Siku hiyohiyo akamwambia Saynab ahame. Mjane hakubisha, alikunja mkeka wake akaenda kwa jirani, na wakili akahamia dukani na mafaili yake.

Haukupita muda, lori kutoka Tarbaj likasimama dukani. Wakashuka wanaume, wanawake, watoto, mbuzi, na mzee Mahat, kitambaa kimefungwa jichoni.

“Adeer,” Mahat akamwita, kama mtu amwitavyo baba yake mdogo, “nimeletwa hospitali. Tulale wapi?”

“Hotelini.”

“Watu wa Kerrow hulala kwa Kerrow na kula kwa Kerrow. Si wewe umeshika nafasi yake?”

Wale wazee mashahidi walikuwa wamekaa mlangoni, wanangoja jibu. Ndirangu alijua kwamba duka likifukuza wageni, Iftin nzima hainunui hapo hata kiberiti. Akawakaribisha, meno nje.

Wakala mchele, wakamaliza sukari, wakamwombea dua. Mbuzi mmoja akazalia juu ya mafaili ya kesi. Kisha likaja lori la pili.

Wakili akaenda kwa Saynab, shati linanuka beberu. “Mama, chukua duka lako.”

“Mimi mjane tu, adeer. Wageni wote hao nitawaweza?”

“Nakuomba.”

“Labda hati ikiwa na jina langu.”

Akaiandikisha upya kwa gharama yake, mbio mbio, asije mama akaghairi.

Alipokuwa akitoa mafaili yake, wageni walikuwa wakipandisha mbuzi kwenye lori. Mahat alikuwa amefungua kitambaa, anajifutia jasho.

“Jicho limepona, mzee?” Ndirangu akamuuliza.

“Lipi?” akasema Mahat.