Milango Ndiyo Inayoumiza Watu

"Mlango huu siuchomelei, mjomba. Piga kelele mpaka koo likauke."

"Mpwa wangu, usinitie aibu mbele ya kamati."

"Na mama je? Dada yako wa tumbo moja, mguu mbovu, kesho kutwa yumo humu ndani kwenye ibada, watu kama siafu. Atatokea wapi? Dirishani? Uwanja hauna dirisha!"

Mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Misukumano Ibadani akavuta pumzi. Ujana ni maradhi, na fundi kijana ni maradhi yenye mashine. Akamweleza taratibu, kama anamlisha mtoto uji.

Mwaka jana watu walikanyagana hapa, wakavunjika mbavu. Kamati ikakaa hotelini, ikachunguza kwa kina, ikabaini jambo zito: wote waliumia mlangoni. Aliyeumia ukutani, hata wa dawa hakuna. Kwa hiyo ikapitishwa kwa kauli moja kupunguza milango na kuongeza ukuta. Uwanja ulikuwa na milango sita. Minne ilishachomelewa. Wa tano ndio huo mpwa alikuwa ameuegemea, mikono kifuani. Wa sita ni geti kuu, limepambwa maua.

"Mimi nilijua mnazuia wezi," mpwa akasema. "Kumbe mnazuia watu."

"Tunazuia milango. Sikiliza vizuri."

"Watu wakianza kukimbia?"

"Kukimbia kumepigwa marufuku. Tangazo limebandikwa."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa hekima. Mwenyekiti akaamua kumfunza kwa vitendo. Kamati nzima, pamoja na kamati ndogo zake na wasaidizi wa wasaidizi, ilikuwemo uwanjani, umati wa kutosha harusi. Wote watoke kwa geti kuu, kwa nidhamu, kwa kufuata vyeo.

Zoezi lilianza vizuri mno. Hakuna aliyesogea, maana hakuna aliyethubutu kumtangulia bosi wake.

Ndipo mtu akapiga yowe: "Mkubwa kafika! Anapiga picha getini!"

Nidhamu ikaota mbawa. Kila mjumbe alitaka picha, tena awe ubavuni kwa Mkubwa aliyewateua. Mkubwa naye hakungoja nje, aliingia na walinzi wake, wakakutana na kamati katikati ya geti kama ng'ombe na ng'ombe kwenye daraja la mti mmoja.

Mwenyekiti akasikia tumbo la mhazini mgongoni. Miguu ikaacha ardhi. Viatu vikabaki, yeye akaendelea. Koti likaenda kushoto, mwenyewe kulia, mpaka shavu likagandamizwa ukutani, hatua chache kutoka kwa mpwa, mbavu zikalia kama kuni kavu. Alikuwa anaumia ukutani. Kiuchunguzi, jambo hilo lilikuwa haliwezekani.

"Mpwaaa! Mlango!"

"Mlango upi, mjomba? Si mliupitisha kuwa ukuta?"

"Huo unaouegemea, mwana kulaaniwa wee!"

Mpwa akavuta komeo. Kamati ikamwagika nje kama maharage ya gunia lililopasuka.

Hakufa mtu. Mhazini alikuwa anatafuta jino. Mkubwa alitoka wa mwisho, miwani ina kioo kimoja, tai ipo mgongoni.

"Nani aliacha mlango huu bila kuuziba," akauliza, "kinyume na mpango?"

Kidole cha Mwenyekiti kikanyooka kabla mwenyewe hajafikiri. "Huyo! Nilimwagiza, akanikaidi. Damu yangu mwenyewe!"

Mkubwa akamtazama kijana. Akamtazama Mwenyekiti, kuanzia kola iliyochanika mpaka vidole vya miguu.

"Basi kuanzia sasa kamati ni ya huyu. Wewe utamsaidia."

"Kamati sitaki," mpwa akasema, akipachika diski ya kukatia vyuma kwenye grinda. "Nataka mtu wa kunivutia waya wa umeme."

"Chagua yeyote."

"Mjomba ananitosha."

Wajumbe wakapiga makofi, kwa mazoea. Mjomba akasimama peku, amekumbatia bonge la waya.

"Vuta, mjomba. Milango ya kufungua ni minne, na mama hajui kuruka ukuta."

Mpwa akageuka, akaelekea wa kwanza, grinda mkononi.