Ukanda wa Plastiki Mlangoni mwa Baba

Jumatatu, 4 Machi
Tangu tumzike baba, gari lake limesimama tu uani. Leo mama katangaza: Jumapili atamkabidhi mtu atakayelitunza. Kasema hivyo akimwangalia shemeji, mume wa dada, mtu anayekunja hata soksi! Mwana wa kiume ni mimi peke yangu. Lakini nina mpango. Ukanda wa plastiki kwenye mlango wa dereva umechujuka na una vishimo. Nitaupaka rangi nyeusi. Kwa majaribio nimeupaka mafuta ya kupikia. Unang'aa!

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza fundi rangi, jirani yetu. Kasema plastiki haipakwi hivi hivi. Ioshwe kwa sabuni, itolewe mafuta yote, ipigwe msasa, ifutwe vumbi, ipakwe praima ya plastiki, yaani rangi ya chini ya kushikiza, ndipo rangi. Akauliza kama nimeshaipaka kitu chochote. Nikasema hata kidogo. Anapenda kujikweza huyu. Nikapitisha kitambaa, nikapaka rangi moja kwa moja.

Jumatano, 6 Machi
Rangi imejikunja kama utando wa maziwa. Shemeji kaigusa, kaondoka nayo kidoleni. Kanipa pole. Pole yake naijua! Nikajifungia ndani ya gari. Bado lina harufu ya baba. Nimelia sana. Dada alipouliza macho yana nini, nikasingizia rangi.

Alhamisi, 7 Machi
Sasa kazi. Sabuni, kisha msasa mkali. Vile vishimo vilikuwa vimezama, vyote mahali pamoja, chini ya dirisha. Vimenitoa jasho! Vilivyogoma nimeviziba kwa bodifila, ule uji mzito wa mafundi unaokauka ukawa mgumu. Msasa laini, praima. Fundi rangi kakiri kazi ni safi. Baba hakuwahi kuniambia neno kama hilo.

Jumamosi, 9 Machi
Jana nilipaka rangi na kumzuia kila mtu asifike uani; leo imekauka. Najiona uso! Nikamwita mama. Hakuitazama rangi. Alipapasa chini ya dirisha kwa kidole gumba, akikipeleka na kukirudisha, kama anayetafuta swichi gizani. Akauliza alama za pete ziko wapi.

Ndipo akanieleza. Honi ilikufa zamani. Kumbe baba akitaka kumwita mama watoke, aligonga pete pale mlangoni, naye akaitika. Miaka yote nausikia ule mlio, nikidhani gari ni bovu. Na kumbe tangu msiba mama anatoka kila asubuhi kuzishika zile alama. Mimi nilidhani anaanika nguo.

Nilimwambia zimezibwa vizuri, hazitaonekana tena. Sijui kwa nini nilisema vile.

Jumapili, 10 Machi
Nimeamka na mpango. Nati, duara kama pete! Nitazirudisha alama kabla mama hajaamka. Nikagonga. Ko, ko, ko.

Kutoka chumbani mama akaitika: "Nakuja!" Sauti nyepesi, ya mtu aliyesahau. Nati ikanidondoka.

Alitoka na mkoba wake mkononi. Akaniona. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alirudi ndani, nikamsikia akiurudisha mkoba kwenye msumari.

Gari kapewa shemeji. Mimi nimepewa kiti cha baba cha sebuleni. Mama kasema nikikalie tu, basi, nisikifanye chochote.

Nimekikalia. Nimekumbuka mengi. Ila kwenye mikono ya kiti, pale baba alipokuwa akiweka viwiko, vanishi yote imekwisha na mbao imebonyea. Inatia aibu. Nadhani mama hajaona. Msasa umebaki. Kesho naanza mapema, nimfurahishe.