Watazamaji Waliohitimu wa Ukumbi wa Pili

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu, mlinzi wa ukumbi wa pili katika jumba la sanaa la mkoa. Alinisimulia Jumapili iliyopita akinisuka, nami sikuwa na pa kwenda, kichwa kilikuwa mikononi mwake.

Mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi akatangaza kwamba enzi ya watu kujiingilia ovyo imekwisha. Sasa jumba litahudumia Watazamaji Waliohitimu. Aliyehitimu husimama hatua mbili kutoka kwenye picha, mikono nyuma, dakika tatu, kimya. Anayeketi au kuzungumza ni Mpita Njia wa Ndani, haandikwi daftarini. Ukumbi usiopata waliohitimu thelathini kwa mwezi utafungwa, na mlinzi wake atapumzishwa nyumbani. Utaratibu mzuri, sina neno.

Shida ya mjukuu wangu ilikuwa benchi. Kila adhuhuri wauza mboga wa soko la jirani huja kupumzisha miguu pale, mbele ya picha kubwa kuliko zote, na kubishana juu yake. Kinara wao huitwa Bi Kelele. Mjukuu aliwasihi wasimame, wanyamaze, kibarua chake kisiote nyasi. Walijitahidi, maana wanampenda. Bi Kelele alifika dakika moja na nusu, akageuka.

"Mwanangu, nitazame halafu ninyamaze? Kwani nimefiwa?"

Mwezi ukaisha, daftari linasoma sufuri. Mjukuu hakuongeza hata mmoja wa uongo. Hilo ni kosa langu, nilimlea hivyo.

Akaja Mkaguzi kutoka makao makuu, mama mtu mzima mwenye magoti mabovu. Mkurugenzi alimwonyesha ile sufuri kwa masikitiko yaliyopangwa vizuri, akaongeza kwamba ukumbi ukishafungwa utafaa kuwa sebule ya wageni wake wa heshima. Mkaguzi akasema hajawahi kumwona mtu aliyehitimu, angeomba aonyeshwe mmoja. Mkurugenzi akajitolea mwenyewe. Akasimama hatua mbili, mikono nyuma, dakika tatu, kimya kama nguzo. Wauza mboga walimtazama kwa huruma. Alipomaliza, Mkaguzi akamwambia aipe picha mgongo.

"Umeona nini?"

"Mandhari," akajibu Mkurugenzi. "Mandhari pana sana."

"Ni ng'ombe, baba," Bi Kelele akamwambia taratibu.

Naye akatakiwa kuipa mgongo, aseme. Akasema kamba ya shingoni ina fundo la kuteleza, aliyelifunga alikuwa na haraka. Na yule ndama si wa ng'ombe huyo, kwa sababu kiwele kimejaa na ndama hana habari. Mkaguzi akaketi kwenye benchi, akatazama, akabisha kuhusu ndama. Ukaguzi ukaishia hapo.

Wiki iliyofuata barua ikaja. Ukumbi ubaki wazi, mlinzi abaki. Na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, Mkurugenzi ahudhurie kila adhuhuri kama Mtazamaji Mwanafunzi, mpaka Bi Kelele atakapotia sahihi kwamba amehitimu.

Siku ya kwanza aliketi katikati yao, tai imemkaba. Alivumilia kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni hakika ndama si wake. Wakaanza kumweleza, kila mmoja na lake. Kabla hawajafika kwenye kiwele alikuwa amelala, kichwa kimemwangukia Bi Kelele begani, naye akaweka kidole mdomoni, wenzake wapunguze sauti.